Uandike Hasamba, usomwe hadi Lubumbashi

Mkulima wa kahawa wa Hasamba akikuta punje changa za mibuni yake zimepata madoa meusi yaliyobonyea, siku hizi haanzi kwa bwana shamba. Anatoa simu mfukoni, anaandika "kahawa kuwa nyeusi ikiwa mbichi", anabonyeza na kusubiri mtandao. Yanayomjia mara nyingi yameandikwa mbali naye: kipeperushi cha zamani kilichopigwa picha kikawekwa mtandaoni, maelezo ya Kiingereza kutoka Kenya, video ya mtu anayeuza dawa. Ugonjwa wenyewe una jina la Kiswahili, chulebuni, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo Mbimba, hapo hapo Mbozi. Maarifa yapo jirani, ila hayajapata njia ya kufika kwenye ile simu.

Hasamba ni kata ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, katika nchi ya Wanyiha, nchi ya mibuni na mahindi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata wilaya hiyo kupitia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inapita humo. Kwa sababu hiyo wanaohitaji habari za eneo hili si wenyeji peke yao. Yuko dereva wa lori anayetaka kujua foleni ya Tunduma imeanzia wapi leo. Yuko mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayeulizia gunia la mahindi linauzwaje Mlowo. Yuko mtoto wa Mbozi anayeishi Dar es Salaam au Muscat na anataka kujua msimu wa kahawa umekwendaje kwao. Na Kiswahili wanachoongea wote hao kinaeleweka mpaka Lubumbashi, ambako malori mengi yanayovuka Tunduma yanaelekea.

Vijana wenye blogu katika ukanda huu wana lalamiko moja nililozoea kulisikia: tunaandika, hatusomwi. Wakisema hivyo, swali linalofuata ni la zana. Programu gani inaongeza wasomaji? Tujisajili wapi? Nani alipwe? Zana zipo, nyingi ni za bure, na nitazitaja. Lakini nina jambo ninaloliamini kwa dhati, nalo ndilo lililonisukuma kuandika: zana humfaa yule mwenye kitu ambacho msomaji hakipati kwingine. Anayenakili habari za Simba na Yanga kutoka magazetini anashindana na nchi nzima. Anayeandika juu ya chulebuni ya Mbozi, kwa Kiswahili, akiwa na picha alizopiga mwenyewe shambani, hana mshindani.

Walioanza kabla ya WhatsApp

Septemba 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikuwa Helsinki, Finland, akiripoti mkutano wa kimataifa. Huko alikutana na Ndesanjo Macha, ambaye wakati huo tayari alikuwa na blogu ya Kiswahili iitwayo Jikomboe, naye akamwonyesha namna ya kufungua yake. Ndivyo ilivyozaliwa Michuzi Blog. Picha, maelezo ya mistari michache, na kesho yake picha nyingine. Hapakuwa na WhatsApp, na Facebook ilikuwa bado mali ya wanafunzi. Blogu ile ilikua kwa sababu Watanzania walio ughaibuni, wenye kompyuta vyuoni na maofisini, walikuwa na kiu ya kuziona sura za nyumbani, na hakuna gazeti lililokuwa likiwapelekea sura hizo kila siku.

Macha naye akawa mhariri katika Global Voices, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Harvard chini ya Ethan Zuckerman na Rebecca MacKinnon. Kazi yake ilikuwa kusoma blogu za Afrika kusini mwa Sahara, kuchagua yenye uzito na kuyaeleza kwa wasomaji wa dunia. Zana ya kufikia wasomaji wengi ilikuwa binadamu mwenye macho na subira. Kenya nako, Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye blogu yake akiomba mafundi wa kompyuta wasaidie kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Wakajitokeza Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine, na ombi lile likazaa Ushahidi, programu iliyotumika baadaye hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Ombi la mtu mmoja lilifika mbali kiasi hicho kwa kuwa lilitaja shida halisi, saa yake, na msaada uliotakiwa.

Haja kama hiyo ya habari za uhakika iliwahi kuikuta Tunduma. Mei 2020, wakati wa korona, Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa. Madereva walikwama, wafanyabiashara hawakujua mizigo yao ilipo, na uvumi ukashika njia. Siku za namna hiyo mwandishi aliyeko pale pale, anayeweza kusema kwa uhakika ni malori gani yanaruhusiwa na yapi yamezuiwa, ana wasomaji kuanzia bandari ya Dar es Salaam hadi migodi ya Kongo. Shida ni kama wanajua kwamba yupo.

Songwe ipi?

Hapa ndipo zana ya kwanza inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote: Google Search Console. Ni ya bure. Google ina roboti zinazozunguka mtandaoni zikifuata linki kutoka ukurasa hadi ukurasa. Blogu mpya ambayo hakuna tovuti nyingine iliyoitaja ni kama duka lililojengwa katikati ya shamba lisilo na njia. Roboti inaweza kuchukua muda mrefu kulifikia. Kupitia Search Console mwenye blogu anathibitisha kwamba blogu ni yake, kisha anaikabidhi Google ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zake zote. Wanaotumia Blogger au WordPress hawana haja ya kulitengeneza, limeshatengenezwa. Kwa Blogger linapatikana kwa kuongeza sitemap.xml baada ya anwani ya blogu na mkwaju. Makala ikiwa ya haraka, unaweza kuibandika anwani yake humo na kuomba isomwe.

Lakini utamu wa zana hii uko kwenye ukurasa wa matokeo. Unaonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google mpaka blogu yako ikatokea mbele yao, ilitokea mara ngapi, katika nafasi ya ngapi, na wangapi waliibonyeza. Inatunza kumbukumbu hizo kwa miezi 16. Kwa mwandishi wa Mbozi huo ni msimu mzima wa kahawa na zaidi: anaweza kulinganisha walichouliza wakulima wakati wa mavuno mwaka huu na walichouliza mwaka jana. Akiona watu wanafika kwake kwa kuandika "bei ya kahawa Mbozi leo" ilhali makala yake ina kichwa "Neema yawashukia wakulima", ameshajua kosa lilipo. Hakuna mtu anayekwenda Google kutafuta neema. Kichwa kiseme kahawa, kiseme Mbozi, kiseme msimu gani.

Na jina la mahali lina mtego wake huku kwetu. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Ndani ya mkoa huo kuna Wilaya ya Songwe. Upo pia Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi. Na uko Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, ambao haumo Mkoa wa Songwe hata kidogo, uko Mbeya. Mwandishi anayeandika "ajali Songwe" au "ajira Songwe" bila kuongeza neno amejitosa kwenye kundi la kurasa zinazozungumzia ndege na tiketi. Aandike "Hasamba, Mbozi". Aandike "Vwawa", "Mlowo", "Tunduma". Jina dogo linalosikika kama halina soko ndilo linalomleta msomaji sahihi, kwa kuwa anayeandika "Hasamba" kwenye simu yake hakukosea njia: anaitafuta Hasamba.

Kuna pia suala la maneno ya watu wenyewe. Mtafiti anasema chulebuni na kutu ya majani. Mkulima anaweza kuandika "majani ya kahawa kupukutika" au "unga wa njano kwenye majani ya kahawa". Makala nzuri inayataja yote mawili, lile la kitabuni na lile la shambani, tena ndani ya sentensi za kawaida. Njia rahisi ya kuyajua ni kuanza kuandika swali kwenye Google na kuyaangalia yale mapendekezo yanayojitokeza chini kabla hujamaliza, kwa sababu yanatokana na maswali ya watu wengine. Google Trends nayo inasaidia kuona neno gani linatafutwa zaidi Tanzania na katika majira gani ya mwaka, ingawa kwa jina dogo kama Hasamba haitaonyesha chochote; inahitaji watafutaji wengi ndipo ichore mstari. Itumie kwa "mahindi", "kahawa" na "mbolea ya ruzuku".

Majira yenyewe ni zana pia. Mbozi ina kimondo ambacho kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, jiwe la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, na Umoja wa Mataifa umeitenga Juni 30 kuwa siku ya vimondo duniani. Anayetaka kusomwa kuhusu kimondo asisubiri tarehe hiyo ifike. Aandike Aprili au Mei, aweke nauli ya kufika, hali ya barabara, kiingilio, mahali pa kula na pa kulala, ili Juni itakapofika ukurasa wake uwe umeshazoeleka na roboti. Na mwakani asiandike makala mpya: aisahihishe ile ile, abadilishe bei na tarehe. Anwani ya zamani iliyotunzwa ina nguvu kuliko anwani kumi mpya zinazosema jambo lile lile.

Bando la msomaji

Msomaji wa Hasamba anasoma kwa simu, na anasoma kwa bando alilonunua asubuhi. Picha moja iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 3 mpaka 5. Weka picha sita za namna hiyo kwenye makala moja, na umemmalizia mtu kifurushi kabla hajafika aya ya tatu. Hatarudi, na hana sababu ya kurudi.

Squoosh ni zana ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari: unaingiza picha, unapunguza upana hadi pikseli 1,200 au chini ya hapo, unachagua muundo wa WebP, na picha ya megabaiti 4 inatoka ikiwa na kilobaiti mia na ushee, bila jicho la kawaida kuona tofauti kwenye kioo cha simu. PageSpeed Insights, nayo ya Google, inapima ukurasa wako na kukutajia kinachouchelewesha. Mara nyingi ni picha. Mara nyingine ni matangazo yanayorukaruka na mapambo ambayo mwenye blogu aliyaweka akidhani yanaipendezesha. Yaondoe. Nimeshaona blogu za habari nzuri kabisa ambazo msomaji wa kijijini hawezi kuzifungua, na hilo linaniuma kuliko uandishi mbaya, kwa sababu kazi ilishafanyika.

Linki ikiingia kwenye grupu

Ukweli wa mambo ni kwamba sehemu kubwa ya kusomwa Tanzania leo inaanzia WhatsApp. Grupu la ukoo, grupu la wazazi wa shule, la wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), la kwaya, la madereva wa bodaboda: humo ndimo linki inamopita kutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo ile kadi ndogo inayojitokeza linki ikibandikwa, yenye picha, kichwa na mstari mmoja wa maelezo, ni ya thamani kuliko ukurasa wa mbele wa blogu. Kadi hiyo inatoka kwenye alama zilizofichwa ndani ya ukurasa, utaratibu uitwao Open Graph ambao Facebook iliuanzisha mwaka 2010 na mitandao mingine ikaufuata. WordPress na Blogger zinaweza kuziweka alama hizo, ila mwandishi lazima ajaze maelezo yake na achague picha. Asipofanya hivyo, linki inakwenda kwenye grupu ikiwa uchi, au ikiwa na nembo isiyohusiana na habari, na watu wanaipita wakidhani ni utapeli. Wana haki ya kudhani hivyo. Linki za utapeli ni nyingi.

Kabla ya kusambaza, jitumie linki mwenyewe uione kadi ilivyo. Facebook ina zana ya kuikagua na kuisasisha, kwa sababu kadi ya kwanza ikishahifadhiwa vibaya huendelea kutokea vile vile hata baada ya kusahihisha ukurasa.

Halafu kuna namna ya kusambaza. Grupu la WhatsApp linabeba watu 1,024 na kila mmoja anaona namba ya mwenzake, jambo ambalo wanawake wengi wana sababu nzito ya kuliogopa. Orodha ya matangazo inafika watu 256, na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Chaneli za WhatsApp, zilizoenezwa katika nchi nyingi kuanzia Septemba 2023, zimeondoa vikwazo hivyo: wafuasi hawaonani, namba yako haionekani, na idadi haina kikomo cha namna hiyo. Upungufu wake ni kwamba ni barabara ya upande mmoja, na yaliyotumwa hayakai humo daima. Mimi namshauri mwandishi wa Mbozi awe na chaneli kwa ajili ya wageni na asiyaache magrupu ya nyumbani, maana kwenye grupu ndiko anakosahihishwa. Mzee mmoja wa AMCOS akiandika "hiyo bei ni ya juzi, leo imeshuka", amekupa habari ambayo hakuna zana ingekupa.

Na usisahau sauti. Wapo watu wazima wengi Mbozi ambao kusoma makala ndefu kwenye kioo kidogo kunawachosha, lakini ujumbe wa sauti wa dakika mbili wanausikiliza hadi mwisho na kuupeleka kwa wengine. Soma muhtasari wa makala kwa sauti yako, kwa Kiswahili, na kwa Kinyiha ukikijua, uutume pamoja na linki. Redio za jamii hupenda pia kupewa kazi iliyo tayari ya namna hiyo, na mtangazaji akilitaja jina la blogu yako hewani, kuna watakaolitafuta.

Mlango usio wako

Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itaanza kutanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za habari. Blogu nyingi duniani zilizokuwa zikiishi kwa wasomaji wa Facebook zilishuka ghafla. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania, na waliokuwa wamejenga wafuasi wao wote humo wakabaki wanaongea na wenye VPN. Oktoba 29 mwaka huo huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Na hata bila siasa, zana hufa: Google Reader, iliyowakusanyia watu blogu zote wanazozipenda mahali pamoja, ilifungwa Julai 2013. FeedBurner, ambayo Google iliinunua mwaka 2007 na ambayo ndiyo ilikuwa ikiwatumia wasomaji wa Blogger makala mpya kwa barua pepe, iliacha kutuma barua hizo mwaka 2021. Aliyekuwa hakupakua orodha yake mapema alijikuta hana namna ya kuwaita tena wasomaji wake wa zamani.

Orodha ya barua pepe inaweza kuonekana kitu cha wazungu wa ofisini, na ni kweli kwamba mkulima wa Hasamba hafungui barua pepe kila asubuhi. Lakini mtoto wake aliyeko ughaibuni anafungua. Ofisa wa halmashauri anafungua, mnunuzi wa kahawa aliyeko Moshi anafungua, mhariri wa gazeti anayetafuta mwandishi wa mkoani anafungua. Hao ni wachache wenye uzito. Substack na Mailchimp zinakuwezesha kuanza bila kulipa, na muhimu zaidi, zinakuruhusu kuipakua orodha na kuondoka nayo siku utakapotaka. Jambo la kwanza la kuliuliza kuhusu zana yoyote ni hilo: nikihama, nahama na wasomaji wangu?

Kukusanya majina, namba na anwani za watu ni jambo la kisheria sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Waambie watu kwa nini unachukua anwani zao, na usimpe mtu mwingine. Anayeandika habari na matukio ya sasa anapaswa pia kuanzia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu walipe ada ambazo jumla yake ilifika shilingi milioni 2.1, watetezi wa haki na wanahabari walizipinga Mahakama Kuu ya Mtwara, ikatolewa zuio la muda, lakini kanuni zikasimama na baadhi ya wanablogu wakafunga. Zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo ada ya leo iulizwe TCRA wenyewe. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba kijana anayeandika bei za mahindi za Mlowo hapaswi kuwekewa kizingiti cha fedha ambazo hatazipata kwa mwaka mzima. Kila anayezuiwa kuandika kwa jina lake anaacha nafasi kwa uvumi usio na jina.

Makala za mashine

Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kuna wanaozalisha makala ishirini kwa siku wakidhani wingi utawaletea wasomaji. Machi 2024 Google iliandika sera mahususi dhidi ya kurasa zinazomwagwa kwa wingi ili kuhadaa matokeo ya utafutaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Tafsiri nayo ni hivyo hivyo. Google Translate imekuwa na Kiswahili tangu 2009, na inafaa kumsaidia mgeni aelewe ukurasa wako. Lakini kubandika makala ya kilimo ya Brazili iliyotafsiriwa na mashine kunampotosha mkulima kuhusu majira ya mvua, aina ya udongo, hata jina la dawa. Mtu anaweza kupoteza msimu kwa sentensi mbovu.

Mashine hizo zina matumizi mema. Zinaweza kukagua tahajia, kupendekeza vichwa vitano uchague kimoja, kunukuu maneno ya mahojiano uliyorekodi, japo Kiswahili cha Mbozi chenye lafudhi ya Kinyiha bado kinazisumbua na lazima usikilize tena mwenyewe. Ambacho haziwezi ni kwenda kwenye mizani ya AMCOS asubuhi ya siku ya malipo na kuuliza kilo moja imelipwa ngapi baada ya makato, na makato yenyewe ni ya nini.

Kuhifadhi

Blogu nyingi za Kiswahili za miaka ya 2005 hadi 2010 hazifunguki tena. Wenyewe walichoka, walisahau nywila, au majina ya tovuti yao yaliisha muda yakachukuliwa na wauza kamari. Zimepotea pamoja na picha za vijiji, mazishi ya wazee, ufunguzi wa shule, bei za sukari za wakati ule. Mkoa wa Songwe ni mchanga na historia yake ya maandishi ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo suala hili linatugusa moja kwa moja.

Internet Archive ya San Francisco ina huduma iitwayo Wayback Machine, na humo kuna mahali pa kubandika anwani ya ukurasa wowote ili nakala yake itunzwe. Haina malipo na inachukua dakika moja au mbili. Blogger ina kitufe cha kupakua makala zote za blogu katika faili moja, WordPress pia. Faili hilo liwekwe kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Ukifanya hivyo kila mwisho wa msimu, blogu inaweza kufa na maandishi yakabaki.

Na katika yote yanayostahili kuhifadhiwa huku Mbozi, ningeanza na bei: kahawa ya maganda imelipwa shilingi ngapi kwa kilo, na AMCOS ipi, tarehe ngapi, malipo ya awali yalikuwa kiasi gani na ya pili yalikuja lini, gunia la mahindi Mlowo kabla ya mpaka kufunguliwa kwa wanunuzi na baada yake. Weka jedwali moja, ukurasa mmoja usiobadilika anwani, unaoongezwa mistari kila wiki. Mwanafunzi wa chuo atauhitaji, mkulima anayebishana na karani atauhitaji, na mnunuzi aliyeko Lubumbashi ataufungua kabla hajatuma lori.